Serikali kuokoa mabenki: yasemwayo na yaliyotokea Marekani 2008

"Wamarekani walipinga kwa sauti moja."

Hapana, jibu lilifuata swali. Septemba 2008, siku chache baada ya benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers kufilisika, watafiti wa Pew, kituo cha kura za maoni, waliuliza kama serikali inafanya sawa kuwekeza mabilioni ili taasisi za fedha na masoko yasiyumbe. Asilimia 57 walisema ni sawa, 30 wakasema si sawa. Karibu siku zizo hizo, Los Angeles Times na Bloomberg waliuliza kama serikali itumie fedha za walipakodi kuokoa kampuni binafsi zilizo taabani, au kama hilo si jukumu lake. Hapo asilimia 55 walisema si jukumu lake, na waliokubali walikuwa 31 tu.

Nchi ni ileile na wiki ni ileile. Kilichobadilika ni "kuwekeza" kuwa "kuokoa", na mlipakodi kutajwa waziwazi. Ukioneshwa asilimia yoyote kuhusu jambo hili, omba kwanza kusoma swali lenyewe, neno kwa neno.

Wabunge nao waliyumba. Tarehe 29 Septemba Baraza la Wawakilishi liliukataa muswada wa uokozi, wa hadi dola bilioni 700, kwa kura 228 dhidi ya 205, na siku hiyo kipimo cha hisa cha Dow kikaporomoka pointi 777. Siku nne baadaye baraza hilohilo likaupitisha.

"Ni mpango wa Obama."

Aliyetia saini ni George W. Bush, tarehe 3 Oktoba 2008, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Hata hivyo, Pew walipouliza Julai 2010, asilimia 47 walimtaja Obama na 34 tu ndio waliopatia.

"Mabenki yaligawiwa dola bilioni 700 za bure."

Bilioni 700 ilikuwa kikomo, nacho kilishushwa hadi 475 mwaka 2010. Mabenki yalichukua takriban bilioni 245, na hazikuwa zawadi. Hazina, yaani wizara ya fedha, ilinunua hisa za upendeleo, ambazo hulipwa kabla ya hisa za kawaida: gawio la asilimia 5 kwa mwaka kwa miaka mitano ya kwanza, kisha asilimia 9, ili benki ione uchungu wa kuchelewa kurudisha. Juu ya hapo, serikali ilipewa haki ya kununua hisa za kawaida baadaye kwa bei iliyopangwa mapema, ili benki ikipona nayo ipate chake. Kutoka kwa mabenki zilirudi zaidi ya bilioni 270.

Lakini wanaoimba "serikali ilipata faida" nao wanaruka mistari. Kwa General Motors, kampuni ya magari iliyookolewa kwa mpango huohuo, Hazina ilitoa karibu bilioni 50 na ikapoteza zaidi ya 10. Tena fedha kurudi salama hakumaanishi hapakuwa na hatari: mwaka 2008 hakuna mwekezaji binafsi aliyekuwa tayari kuibeba kwa masharti hayo.

"Kuokoa benki ni kuwaokoa wenye benki."

Hapa tofautisha watu wanne: mwenye amana, aliyeikopesha benki, mwenye hisa na meneja. Benki ya Washington Mutual, yenye mali ya dola bilioni 307, ilifungwa tarehe 25 Septemba 2008 na kuuzwa kwa benki ya JPMorgan Chase kwa bilioni 1.9. Wenye amana hawakupoteza hata senti. Wenye hisa walibaki karibu mikono mitupu. Silicon Valley Bank ilipoanguka Machi 2023 mambo yalikuwa hivyohivyo: hata amana zilizozidi kikomo cha bima cha dola 250,000 zililipwa, na pengo la bima likazibwa kwa tozo maalumu kwa mabenki mengine. Wenye hisa hawakulindwa.

Citigroup, benki kubwa iliyookolewa 2008, haikufungwa. Wenye hisa wake walipunjwa sana, ila hawakufutwa, na hasira ya watu juu ya hilo ina msingi. Iliyowachoma zaidi ni AIG, kampuni ya bima. Machi 2009, serikali ikiwa tayari inamiliki karibu asilimia 80 yake, ililipa bonasi za dola milioni 165 kwa wafanyakazi wa kitengo kilekile kilichoizamisha. Sababu iliyotolewa ni kwamba mikataba ilisainiwa kabla ya uokozi, na kuivunja kungeleta kesi. Ikiwa AIG ingefilisika, mahakama ingeweza kuzifuta bonasi hizo. Kwa kuwa iliokolewa, mikataba ilibaki hai.