Sikio hadi sikio: kipimo cha saa kwa mwenye mkono mwembamba

Mtu mwenye mkono mwembamba anapotafuta saa nzuri ya kamani, yaani ile inayoendeshwa na mitambo na si betri, kwa kawaida huuliza kwanza kasha lake lina milimita ngapi. Anachojibiwa ni kipenyo, upana wa kasha kutoka ubavu hadi ubavu bila kuhesabu kifungo cha pembeni cha kutilia ufunguo. Kipenyo humweleza uso wa saa utaonekana mkubwa kiasi gani, lakini hakimwelezi kama saa itakaa mkononi au itaning'inia. Hilo huelezwa na urefu wa sikio hadi sikio.

Masikio ni zile ncha nne zinazochomoza kwenye kasha, mbili juu na mbili chini, ambazo baina yake hupita kijiti chembamba kinachoshika mkanda. Ukilaza rula kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini la upande uleule, urefu utakaousoma ndio nafasi ambayo saa inadai juu ya kifundo cha mkono. Ikiwa nafasi hiyo ni ndefu kuliko sehemu bapa ya mkono, ncha hubaki hewani, mkanda hushuka wima badala ya kukumbatia ngozi, na saa yenyewe huyumba kila unapogeuza mkono.

Tofauti ya vipimo hivi viwili si ndogo. Omega Speedmaster Professional, saa iliyokwenda mwezini, ina kipenyo cha milimita 42, na masikio yake yanachukua takriban milimita 48. Nomos Tangente 38, inayotengenezwa katika mji wa Glashütte nchini Ujerumani, ina kipenyo cha milimita 37.5 tu, lakini masikio yake ni marefu na yamenyooka, hivyo nayo inafika takriban milimita 48. Anayechagua kwa kipenyo peke yake ataikimbia ya kwanza na kuiamini ya pili, kumbe zote mbili zinadai nafasi ileile. Rolex Explorer ya milimita 36 iko upande mwingine kabisa: masikio yake ni mafupi na hushuka kuufuata mkono, kwa jumla ya takriban milimita 43. Tangu 1953 saa hiyo ilikuwa ya milimita 36, ikakuzwa hadi 39 mwaka 2010, kisha mwaka 2021 ikarudishwa 36, jambo ambalo sisi wenye mikono myembamba tulilipokea kwa furaha isiyofichika. Cartier Tank, iliyobuniwa mwaka 1917, haina kipenyo hata kidogo kwa kuwa ni ya mstatili, na mbavu zake mbili ndizo zinazorefuka kuwa masikio.

Mkono nao hupimwa kwa namna yake. Mzingo peke yake hautoshi, kwa sababu mikono miwili yenye mzingo wa sentimita 16 inaweza kuwa mmoja bapa na mwingine wa mviringo, na ule bapa utabeba saa ambayo mwenzake hauwezi. Mimi hukata ukanda wa karatasi ngumu kwa urefu wa sikio hadi sikio wa saa ninayoitamani, nikauweka juu ya kifundo na kutazama kama ncha zinavuka ukingo. Laiti ningelijua hilo mapema: sehemu bapa ya mkono wangu ni milimita 49, na saa yangu ya kwanza ya maana, niliyoinunua kwa kutazama picha tu, ilikuwa na milimita 51. Milimita mbili hazionekani kwenye picha, ila mkononi nilizihisi tangu asubuhi ya kwanza. Picha za simu hudanganya kwa upande mwingine pia, maana kamera ikisogezwa karibu hukuza kilicho mbele yake, na saa inayokutosha vizuri huonekana kama sahani. Kioo cha ukutani ni shahidi mwaminifu zaidi.

Unene una sehemu yake, hasa kwa saa zinazojitia ufunguo zenyewe, ambazo hubeba bapa zito linalozunguka juu ya mitambo. Ile Tangente haina bapa hilo, na ndiyo maana unene wake haufiki hata milimita 7.

Mkanda wa chuma huleta taabu ya mwisho. Pingili zikitolewa nyingi upande mmoja, bizimu huhama kutoka katikati ya mkono na kuivuta saa pembeni, kwa hiyo mwambie fundi atoe pande zote mbili kwa kadiri inavyowezekana. Asiukaze kupita kiasi, kwani mkono uliopimwa asubuhi yenye ubaridi huvimba kidogo jua la Dar es Salaam linapopanda, na mkanda uliokuwa sawasawa saa mbili asubuhi huwa umeacha alama za pingili kwenye ngozi ifikapo saa nane mchana.