Tuktuk ya stima: piga hesabu kabla ya kutoa arbuni

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli Kenya, hutangaza bei mpya za mafuta, na usiku huohuo dereva wa tuktuk Mombasa hujua kama hesabu ya tajiri itatimia au itapelea. Tangu kiwanda cha Changamwe kiache kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, petroli yetu huja kwa meli ikiwa imeshasafishwa ng'ambo. Bei ikipanda huko, sisi tunalipa tu. Ndiyo maana siku hizi maswali mengi tunayopokea ni ya kutafuta njia ya kuikwepa sheli.

Wengi huanza na gesi, maana wamesikia Dar es Salaam magari yanatembea kwa gesi. Ni kweli, lakini ile ni gesi asilia, inachimbwa Songosongo na Mtwara na kufika mjini kwa bomba. Gesi yetu hapa ni ileile ya kupikia, nayo hushushwa bandarini kama petroli. Gharama huenda ikapungua. Utegemezi uko palepale. Na mtungi wa jikoni usifungwe kwenye buti hata kwa siku moja. Tangi la gesi la gari lina vali za kuizuia gesi mpira ukikatika au gari likigongwa, mtungi wa jikoni hauna.

Wapo pia wanaochuja mafuta yaliyokaangiwa viazi karai na kuyamimina kwenye injini ya dizeli. Itawaka, sikatai. Ila mafuta hayo ni mazito, na baada ya muda nozeli huziba. Yanahitaji kwanza kuchanganywa na methanoli na kostiki soda, glisirini itolewe, ndipo yawe biodizeli. Hiyo si kazi ya uani.

Inabaki stima, na kwa maoni yangu ianze na tuktuk na bodaboda. Lori la kontena lenye safari ya kilomita karibu 480 hadi Nairobi, tena za kupanda, lisubiri. Tuktuk inayozunguka kati ya Kongowea na Mwembe Tayari hupita barabara tambarare na kusimama kila baada ya hatua chache. Injini ya petroli hunguruma na kunywa mafuta hata kwenye foleni ya daraja la Nyali, na sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hayo huishia kuwa joto. Mota ya umeme ikisimama haili kitu. Stima yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya hapa nchini: mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji, upepo wa karibu na Ziwa Turkana.

Tuchukue mfano. Tuktuk inayokunywa lita 4 kwa kilomita 100, petroli ikiwa shilingi 180, inakula shilingi 720. Ya umeme ikitumia yuniti 9 kwa mwendo huohuo, yuniti ikiwa shilingi 30, ni shilingi 270. Tangu 2023 ipo pia bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo usiku huwa nafuu zaidi, lakini mita ya kawaida ya nyumbani haikupi bei hiyo.

Nafuu hiyo yote inaweza kumezwa na betri. Tuktuk nyingine za bei poa huja na betri za risasi na asidi, za jamii moja na ile ya kuwashia gari. Zikikamuliwa kila siku, mara nyingi hazivuki chaji mia chache, na joto la pwani huzimaliza haraka zaidi. Lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti ni ghali, ila hufikisha chaji 2,000 na kuendelea ikitunzwa. Muulize muuzaji betri mpya ni bei gani, na dhamana inahesabiwa kwa miaka au kwa kilomita. Akianza kuzungukazunguka, arbuni ibaki mfukoni.

Upepo wa chumvi nao haucheleweshi kazi. Kila mwezi fundi afungue viungio vya nyaya. Akikuta unga wa kijani, asafishe na kupaka grisi ya umeme. Chaja ikipata moto kwenye plagi, ichomoe. Na mvua kubwa ikijaza barabara hadi maji yakafunika betri, usiichaji hata kama imekauka: iweke nje, mbali na nyumba, hadi fundi aifungue.