Hiyo barua usiitupe: misaada ya jimbo na tahadhari za usalama kwa Waswahili wa Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Kazi yangu ni kukaa mezani na watu waliohamia hapa Marekani, tunajaza fomu za misaada ya jimbo, tunapekua barua, tunapiga simu, na siku nyingine tunaongea mambo ya usalama wa nyumba. Leo nataka niandike yale ninayoyarudia kila wiki, maana nimechoka kuona mtu anakatiwa msaada wakati anastahili kabisa.

Hadithi huwa ni ile ile. Mama anakuja kadi imekataa dukani, foleni nyuma yake, aibu imemjaa, na hajui kosa lake ni nini. Namuuliza, mama, barua ulipata? Anasema barua zinakuja nyingi, zingine matangazo tu, zingine hatuelewi, tunaziweka juu ya friji. Tukizipekua tunaikuta, ina wiki tano pale, inasema jaza fomu hii urudishe kabla ya tarehe fulani la sivyo msaada unasimama. Haijafunguliwa hata. Kwa hiyo mnaponiuliza kwa nini wamekata, mara nyingi jibu langu ni hilo tu, walikuuliza swali wakakosa jibu.

Kitu cha kwanza kinachochanganya watu ni majina. Pesa za chakula nchi nzima zinaitwa SNAP, wengi wetu bado tunasema fudstampu ingawa jina hilo lilibadilishwa 2008, lakini ukiwa California barua itaandikwa CalFresh, Wisconsin ni FoodShare, Vermont ni 3SquaresVT. Medicaid, yaani bima ya serikali ya matibabu kwa wenye kipato kidogo, nayo ni hivyo hivyo, California inaitwa Medi-Cal, Maine ni MaineCare, Tennessee ni TennCare. Sasa mtu amehama jimbo anaona jina geni anadhani ni kampuni inamuuzia bima, anatupa. Usitupe. Na ukihama ujue kesi yako haihami na wewe, unafunga kule unaomba upya huku.

Pia watu wanachelewa kuomba kwa sababu wanatafuta makaratasi yote kwanza, risiti za mshahara, mkataba wa nyumba, kila kitu. Kwa SNAP huna haja ya kusubiri, ile fomu ukiandika jina, anwani na ukatia sahihi wanalazimika kuipokea, na tarehe wanayoipokea ndiyo wanayoanzia kuhesabu pesa zako. Makaratasi mengine utapeleka baadaye. Wana siku 30 kukupa jibu, na kama nyumba imekauka kabisa, yaani kipato cha mwezi hakifiki dola 150 na akiba haizidi dola 100, au kodi na bili zinazidi kila ulichonacho, uombe ile ya haraka ambayo wanatakiwa waitoe ndani ya siku 7. Hii ya siku 7 watu wengi hawaijui, kwa hiyo uliza mwenyewe.

Halafu kuna jambo letu sisi wenyewe ambalo wafanyakazi wa jimbo hawawezi hata kulifikiria, nalo ni saa. Barua inasema intavyuu ya simu 9:00 asubuhi. Mtu wetu anaona 9, kichwani inasoma saa tisa, anajipanga kukaa na simu mchana, kumbe wenzake walimpigia saa tatu asubuhi akiwa kazini simu iko kwenye begi. Na tarehe, Wamarekani wanaanza na mwezi, 04/05 ni tarehe 5 mwezi wa nne, wewe ukisoma tarehe 4 mwezi wa tano umeshachelewa karibu mwezi mzima. Nimeona hii mara nyingi mpaka siku hizi kila barua naiandikia juu kwa kalamu nyekundu, saa na siku kwa Kiswahili. Na hiyo simu ya intavyuu mara nyingi inaingia kama namba usiyoijua, sisi tumefundishwa tusipokee namba za ajabu, ila siku ya intavyuu pokea, na voismeli uisafishe isijae. Ukikosa piga mwenyewe siku hiyo hiyo uombe nafasi nyingine.

Mkalimani ni haki yako na ni bure. Sheria ya haki za raia ya 1964 ndiyo msingi wake, ofisi inayopokea pesa za serikali kuu haitakiwi kukubagua kwa asili yako, na lugha imo humo. Ukipiga sema Swahili, wakikuuliza tena sema Swahili, nyamaza usubiri. Watakuunganisha na mtu kwenye simu. Tafadhali msiwatumie watoto. Mtoto wa miaka kumi anajua Kiingereza cha shule, hajui mapato kabla ya makato ni nini, na siyo vizuri ajue nyumba inadaiwa kiasi gani. Na mkalimani akiongea Kiswahili usichokielewa, maana cha Bukavu na cha Mombasa siyo kimoja, sema, wanaweza kubadilisha.

Sasa hili ni zito kidogo. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imepunguza makundi ya wahamiaji wanaoweza kupata SNAP, na wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawana green card ni kati ya walioguswa. Watu wamesikia hiyo wakafunga faili la familia nzima, na hapo wanakosea. Mtoto aliyezaliwa hapa ni raia, yeye bado anaweza kupata hata kama baba na mama hawapati. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba green card akimaliza mwaka 1, kwa hiyo kama umeshapita mwaka na hujaomba basi nenda ukaonane na mwanasheria wa uhamiaji, hilo limekuwa jambo la chakula sasa siyo la karatasi tu. WIC, yaani msaada wa chakula wa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto mpaka miaka 5, ni mpango mwingine kabisa na kwa kawaida hawaangalii hali yako ya uhamiaji. Watu wazima wasio na ulemavu nao masharti ya kazi yameongezwa mpaka umri wa miaka 64, yaani saa 80 kwa mwezi za kazi au mafunzo au kujitolea, kwa hiyo babu wa miaka 60 aliyezoea kukaa nyumbani asipuuze barua inayomuuliza anafanya nini. Kama anaumwa, daktari aandike.

Ukikataliwa au ukikatiwa na unaona wamekosea, kata rufaa. Kwa SNAP una siku 90, ila ukiomba mapema kabla ya ile tarehe ya kukata unaweza kuendelea kupokea wakati kesi inasikilizwa, ingawa ukishindwa wanaweza kudai hizo pesa zirudi. Kukata rufaa siyo kugombana na serikali, wala afisa anayeshika faili lako hatakuchukia kwa hilo.

Wezi wa kadi sasa. Kadi za EBT, zile zinazowekewa pesa za msaada, nyingi bado ni za mstari mweusi nyuma bila chipu, mwizi anabandika kimashine juu ya ile mashine ya kulipia, unaswaipu, inakopi kadi na namba ya siri, usiku pesa za mwezi mzima zinanunua vitu jimbo ambalo hujawahi kufika. Zamani serikali kuu ilikuwa inarudisha, utaratibu huo umeisha kwa wizi uliotokea baada ya tarehe 20 Desemba 2024, kwa hiyo usitegemee kurudishiwa. Unachoweza ni kubadilisha namba ya siri siku moja kabla pesa hazijaingia, kuishika ile mashine na kuitikisa kidogo kabla ya kuswaipu, na kama jimbo lako lina programu ya kufunga kadi ifunge mpaka unapofika dukani. Meseji inayosema kadi yako imefungwa piga namba hii ni ya mwizi, namba halali iko nyuma ya kadi. Na kuomba msaada ni bure, anayekutoza pesa akuombee huyo siyo ndugu hata kama mnasali pamoja.

Baridi ikija kuna LIHEAP, pesa za kusaidia bili ya kupasha joto, ipo tangu 1981 na inapitia jimboni, tatizo zinaisha. Omba vuli kabla hamjaanza kutetemeka. Ukiletewa notisi ya kukatiwa umeme au gesi ipeleke hiyo notisi yenyewe, mara nyingi kuna mfuko wa dharura unaotaka kuiona.

Nasema hivi kwa sababu umaskini wa joto ndio unaoleta vifo. Watu wamewasha oveni na kuiacha wazi, wengine wameingiza jiko la mkaa ndani kama tulivyozoea, na madirisha ya huku yanafungwa kabisa hewa haipiti. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kila mwaka inaua watu zaidi ya 400 Marekani bila kuhesabu wanaokufa nyumba ikiungua. Mkiona nyumba nzima mnaumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika kwa pamoja, tokeni nje kwanza halafu ndiyo mpige 911. Jenereta ikae nje angalau mita 6 kutoka nyumbani, siyo kibarazani wala gereji hata kama mlango uko wazi.

Na ile alamu ya darini msiitoe betri kwa sababu inalia mkipika. Isikilizeni: milio 3 kisha kimya ni moshi, milio 4 kisha kimya ni kaboni monoksaidi, na ule mlio mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri inakufa. Ikifika miaka 10 alamu ya moshi inabadilishwa yote.

Tahadhari za simu, ule mlio mkubwa unaotushtua kanisani, nyingi huja kwa Kiingereza na Kihispania. Jueni maneno mawili tu kwa kuanzia. Watch maana yake hali inaweza kutokea, jiandae. Warning maana yake inatokea sasa au imekaribia sana, chukua hatua. Tonado ikiwa ni Warning shukeni basementi, kama hamna basi chumba cha katikati ghorofa ya chini kisicho na dirisha. Mafuriko usiyavuke, maji yanayokimbia ya sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima na ya 60 yanabeba gari nyingi. Ila siyo kila king'ora ni hatari, sehemu nyingi za Minnesota wanavijaribu Jumatano ya kwanza ya mwezi saa saba mchana, kuna familia ilijificha kabatini hiyo siku, tulicheka wote baadaye lakini kwa kweli walifanya sawa.

211 ni ya kuuliza chakula, nyumba, bili. 988, ipo tangu 2022, ni ya mtu aliyezidiwa na mawazo au anayetaka kujidhuru, unapiga usiku au mchana. 911 ni moto, ajali, mgonjwa mahututi, uhalifu, na ukiibonyeza kwa bahati mbaya usikate, baki useme ni bahati mbaya. Ukipiga kwa kweli taja anwani kwanza kabla ya kueleza chochote, simu ikikatika watajua pa kuja, halafu sema Swahili. Ukiwa umeshtuka hata namba ya apatimenti yako unaisahau, kwa hiyo iandike leo kwa herufi kubwa na uibandike kwenye friji, pale pale barua zilipokuwa zinalala.