Marufuku ya sigara kasino: hela inaenda wapi?

Kila serikali ikigusia tu kupiga marufuku sigara ndani ya kasino, wenye kasino wanakuja juu, wateja watahama, kodi itashuka, wafanyakazi watarudishwa nyumbani. Watu wa afya nao wanajibu kwamba hakuna kitakachopungua. Mi ni mchumi, takwimu za kamari ndo kazi yangu ya kila siku, na naona pande zote mbili zinaliacha swali lenyewe.

Mapato yanashuka, tusidanganyane. Victoria kule Australia walipiga marufuku Septemba 2002 na hela inayoliwa na mashine za kamari ikapungua kama 14%, na haikuwa ya mwezi mmoja ikarudi. Delaware, Marekani, sheria ilianza Novemba mwaka huohuo na mchumi Michael Pakko wa Federal Reserve ya St. Louis, moja ya matawi ya benki kuu ya Marekani, akapata mapato yameshuka kama 15%, ingawa watafiti wengine waliochambua kasino hizohizo walisema hakuna mabadiliko ya maana. Mi namuamini zaidi Pakko, manake Victoria ni bara lingine kabisa na namba zinakaribiana.

Sasa kwa nini mapato yanashuka? Wengi wanadhani mvutaji anakasirika anahama. Wapo wanaohama, lakini kubwa zaidi ni kwamba anainuka. Chukua mtu yuko kwenye mashine ya sloti, anabonyeza kila sekunde 6, dau dola 1, na mashine kwa wastani inabaki na senti 8 kwa kila dola. Akitoka nje dakika 7 kuvuta, hapo mibonyezo 70 haijatokea na kasino imekosa dola 5.60, zidisha kwa wavutaji wote ukumbini usiku kucha. Alafu akiwa kule nje amepigwa na upepo, kichwa kimetulia, anaanza kuhesabu alichopoteza na wengine hapo ndo wanaenda zao nyumbani! Mashine imetengenezwa ili usiinuke, sigara inakuinua.

Ndo maana jimbo la Illinois, Marekani, linanivutia sana. Marufuku ilianza tarehe 1 Januari 2008, mapato ya kasino yakaporomoka zaidi ya 20%, na ni kweli mwaka huo uchumi wote ulikuwa unayumba, na ni kweli kasino za majimbo jirani kama Indiana na Missouri bado zilikuwa zinaruhusu sigara, kwa hiyo huwezi kuitupia sheria mzigo wote. Lakini kuna watafiti walikuja kulinganisha idadi ya watu wanaoingia kasino za Illinois na za majimbo jirani, hawakuona tofauti ya maana. Watu wanaingia, hela inapungua. Mi hapo naiona ile dakika 7.

Na hela ambayo mashine haikula haijaungua. Imebaki mfukoni mwa mtu, atanunua chakula, atalipa kodi ya nyumba, itazunguka kwingine. Hasara ya kasino sio hasara ya uchumi, na hili linanikera kila nikisikia mtu anasoma namba za kasino peke yake kana kwamba ndo nchi nzima. Anayeumia kweli ni hazina, kwa sababu kamari inatozwa kodi kubwa kuliko biashara nyingi.

Upande wa pili wa daftari, yaani afya, haupo kabisa kwenye ripoti za kasino. Jimbo la Colorado, Marekani, walipiga marufuku 2006 ila kasino zikasamehewa mpaka 2008. Kwenye kaunti moja yenye kasino nyingi, wito wa ambulensi kutoka sehemu nyingine ulipungua 2006, ila wa kutoka kasino ukabaki palepale, ukaja kupungua kama 19% sheria ilipozifikia. Bili za hospitali hizo kuna mtu alikuwa anazilipa, na sio kasino.

Kwa hiyo serikali inayotegemea kodi ya kamari ipange bajeti mapema ikijua pengo lipo na linaweza kukaa miaka. Na ikiruhusu vyumba vya kuvutia sigara, zisiwekwe mashine humo ndani, manake hapo mtu hainuki tena.