Mbio za nyika shuleni: dhana zinazotuangusha kabla msimu ujao haujaanza

Wiki mbili baada ya mashindano kuisha nilifungua stoo ya michezo kutafuta jembe, nikakuta viatu vya timu yetu ya mbio za nyika vimetupwa ndani ya kiroba nyuma ya mlango. Udongo mweusi wa Uyole, hapa Mbeya, ulikuwa umekaukia kwenye soli, kamba zimefungana. Kijana wa kidato cha tatu niliyekuwa naye akasema, "Mwalimu, viache tu humo. Si tutavitoa mwezi wa nne?" Hakusema kwa uvivu. Ndivyo tulivyowazoesha, miaka nenda miaka rudi, na ndiyo sababu naandika haya sasa, wakati kila mtu anaona riadha imeshapita.

"Msimu umeisha, mazoezi tutaanza Aprili"

Kupumzika ni lazima. Wiki mbili za kukaa bila kukimbia, au kucheza mpira kwa kujifurahisha, humsaidia mtoto aliyejituma msimu mzima. Lakini zikizidi hapo pumzi inaanza kushuka, na kufikia Aprili tunaanza upya kabisa. UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, hufanyika katikati ya mwaka, kwa hiyo tunabaki na wiki chache tu za kulazimisha mwili ufanye kazi ya miezi.

Tatizo lenyewe liko kwenye mifupa. Moyo na mapafu huitikia mazoezi mapema: mwezi mmoja na nusu ukipita, mtoto anaona anapanda mlima bila kuhema sana. Mifupa na kano hazina haraka hiyo, zinahitaji miezi kuzoea kupigwa chini maelfu ya mara. Mtoto aliyeanza Aprili anakuwa na pumzi ya kukimbia kasi mwezi Mei, ila miguu yake bado haijawa tayari kuibeba kasi hiyo.

Nimeliona kwa macho yangu, na kosa lilikuwa langu. Mwaka mmoja tulichelewa kuanza, nikaamua kufidia kwa milima mara tatu kwa wiki. Binti wa kidato cha pili akaanza kuchechemea kidogo asubuhi, akanificha kwa kuogopa kuachwa. Siku nilipomkalisha kwenye benchi na kubonyeza ugoko kwa kidole gumba, nilifika sehemu moja isiyozidi ukubwa wa sarafu, akauvuta mguu ghafla machozi yakimtoka. Maumivu ya namna hiyo, ya mahali pamoja juu ya mfupa, si uchovu wa misuli. Huenda mfupa umeanza kupata ufa, na mtoto anatakiwa kusimama na kupelekwa hospitali. Hakukimbia mwaka ule.

Kwa hiyo msimu wa mwakani unaanza Julai, polepole. Mwezi huo na Agosti, mara tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 30. Septemba na Oktoba tunaongeza siku moja na kufika dakika 40. Novemba kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya taifa, na dakika 25 za jioni haziwaibii masomo. Desemba wako nyumbani, mvua imeanza, wanapanda mahindi. Nawaomba mbio fupi mara tatu kwa wiki, basi. Mlima unaingia Januari, mara moja kwa wiki. Kasi ya kweli inasubiri Aprili.

"Usipohema, hujafanya mazoezi"

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote kuiondoa, kwa sababu inafanana na bidii. Mwalimu anasimama na saa mkononi, watoto wanashindana kila jioni, wa mwisho anachekwa. Baada ya mwezi wote wamechoka na hakuna aliyeongezeka.

Mbio nyingi za wiki zinatakiwa ziwe za kupiga stori. Kipimo chake hakihitaji saa: mwambie mtoto akueleze huku anakimbia alichokula mchana. Akimaliza sentensi nzima bila kukatika, mwendo ni sawa. Akijibu neno moja moja, apunguze. Mwendo huo wa taratibu ndio unaoujenga moyo usukume damu nyingi kwa pigo moja, na kuongeza vile vimishipa vyembamba vinavyofikisha hewa kwenye misuli. Siku moja au mbili za kukimbia kwa nguvu zinatosha kwa wiki, na zitakuwa na nguvu kweli kwa kuwa siku nyingine walitulia.

Tukumbuke pia kwamba Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo muda wa mtoto wa hapa usiulinganishe na wa mwenzake wa Tanga ukamvunja moyo.

"Wakimbiaji wanatoka Mbulu na Singida, sisi huku ni watu wa mpira"

Nasikia hili hata kutoka kwa wazazi. Ni kweli majina makubwa ya riadha ya nchi hii yametoka zaidi kaskazini na kati. Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ni wa Karatu. Alphonce Simbu, aliyetuletea dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, ni wa Singida.

Lakini wanaosema siri yao ni mwinuko wa kwao watazame ramani. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Singida ni kama 1,500. Mbeya imezipita zote mbili, Njombe iko juu zaidi ya Mbeya, na uwanda wa Kitulo, kule Makete, tunazungumzia kama mita 2,600. Kama mwinuko peke yake ungezaa mabingwa, Makete ingekuwa imejaa medali. Wenzetu wana kaka na dada waliotangulia, makundi ya kukimbia alfajiri, na makocha wanaomfuatilia mtoto mwaka mzima. Hayo yanajengwa, hata huku.

Na hapo hapo liko jambo la Simbu ambalo nawasimulia watoto kila mara. Alikimbia kilomita 42 na kushinda kwa sehemu tatu za mia ya sekunde. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48. Alikuwa nyuma yake hadi mita za mwisho kabisa. Watoto wetu hutoka mstarini kama wanakimbia mita 100, kilomita ya pili wanatembea. Bayi aliweza kuongoza toka mwanzo, ndiyo, ila alikuwa amejiandaa kwa mbio za namna hiyo.

"Tuna nyota mmoja, mwakani tunachukua kikombe"

Mbio za nyika ni mchezo wa timu, na hili halifundishwi vya kutosha. Mshindi wa kwanza anapata pointi 1, wa kumi pointi 10, kisha zinajumlishwa. Timu yenye pointi chache ndiyo bingwa. Kwenye mbio za nyika za dunia timu ya wakubwa ina watu sita na wanahesabiwa wanne. Shule za sekondari za Marekani, ambako mchezo huu una wapenzi wengi mno, hukimbiza saba na kuhesabu watano. Pointi zikilingana, wanamtazama wa sita.

Chukua shule yenye nyota wawili: nafasi ya 1, 2, 30, 34 na 41. Jumla 108. Shule nyingine haina hata mmoja kwenye nane bora, ila watoto wake wamefika 9, 11, 12, 15 na 18. Jumla 65, na kikombe ni chao. Kwa hiyo mwakani simtafuti bingwa. Namtafuta wa tano, yule mtoto wa katikati ambaye hajawahi kuitwa jina lake mbele ya mstari. Akipanda kutoka nafasi ya 41 hadi ya 25, ameipa shule pointi 16, na hakuna nyota anayeweza kutupa hizo.

"Binti akikimbia sana hatazaa"

Mama mmoja alinifuata hadi ofisini, akakaa, akanyamaza kidogo kabla ya kusema. "Mwalimu, sikatai michezo. Ila huyu binti yangu, hizi mbio hazitamharibia kizazi?" Nilimshukuru kwa kuuliza, maana wengi humzuia mtoto bila kuuliza.

Kukimbia hakuharibu kizazi. Kizazi hakichezi wala hakihami, na mabingwa wengi wa dunia ni akina mama. Ila kuna jambo la kweli la kuangalia: binti anayekimbia sana na kula kidogo anaweza kukosa siku zake. Zikikatika miezi mitatu asionewe aibu wala asipongezwe kwa kupungua. Mara nyingi mwili unasema hauna chakula cha kutosha, na mifupa inadhoofika kimyakimya. Aende kituo cha afya, kwa kuwa sababu nyingine zipo pia, na aongezewe sahani. Wasichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi, kwa hiyo maharage, dagaa na mboga za majani ni muhimu kwao kuliko soda ya baada ya mazoezi. Chai yetu ya Rungwe ni tamu, lakini ikae mbali na mlo, saa moja hivi, maana huzuia mwili kuchukua hayo madini. Yule mama alicheka aliposikia habari ya chai. Binti bado anakimbia.

Na haya ya haraka haraka

Baridi ya Juni na Julai haileti homa ya mapafu, vijidudu ndivyo vinavyoileta. Mkimbie, ila mpashe mwili joto kwanza, na mwenye pumu aje na dawa yake ya kupuliza. Maji si adui: kichomi cha ubavuni hutokea zaidi mtoto anapokula au kunywa kwa wingi karibu na mbio, mafunda machache hayana shida. Na miguu peku? Abebe Bikila alishinda Roma peku mwaka 1960, lakini aliizoea, na alikimbia barabarani. Kwenye tope letu kuna minyoo ya safura inayoingia kupitia ngozi ya mguu, na kuna miiba na chupa. Kiatu cha mtumba kinachomkaa vizuri mtoto ni bora kuliko kipya kinachombana.

Kile kiroba tumeshakimwaga. Jozi nne zilikuwa zimeoza, sita tumezifua na kuzianika kwenye ukuta wa jiko la shule. Jumatatu saa kumi na nusu jioni walikuja watoto tisa, tukaenda hadi darajani na kurudi tukipiga stori, dakika 24. Kijana wa stoo alikuwa wa mwisho. Alhamisi alikuja tena.