Maji, Ufagio na Jina la Ukoo: Tunavyozielewa Vibaya Kasti za India

Kamusi zetu zina neno topasi, yaani mtu wa kuzoa taka na kusafisha vyoo. Neno hilo lilivuka bahari. Katika meli zilizokuwa na mabaharia wa Kihindi, topasi ndiye aliyeshika ufagio na ndoo, na kwa kawaida alitoka kasti ya chini kabisa. Sisi tukalipokea neno, mzigo uliokuwa ndani yake ukabaki kule. Dar es Salaam leo, mpakua choo, yule wanayemwita chura, akishaoga na kuvaa kanzu husimama safu ya mbele msikitini, na mwanawe akisoma akawa daktari hakuna mgonjwa atakayekataa mkono wake. Sisemi hadharauliwi. Anadharauliwa, na ni aibu yetu. Ila dharau hiyo haimsubiri mwanawe tangu tumboni.

Kwa sababu hiyo, tukizipima habari za India kwa kipimo cha nyumbani, tunakosea. Hata neno tabaka linatupoteza, maana kwetu tabaka ni la mali na mtu anaweza kupanda au kushuka. Hapa nitasema kasti, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake na hawezi kulihama, na nitajibu moja baada ya jingine maneno tunayoyasema mara nyingi kuihusu.

"Tatizo ni umaskini tu, na maskini wapo kila nchi"

Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika kasti ya Mahar, iliyohesabiwa kuwa ya wasiogusika, watu ambao kuwagusa tu kulidhaniwa kutia najisi. Baba yake alikuwa mwanajeshi mwenye cheo. Huko Satara walikokaa, dobi alikuwepo na fedha ya kumlipa walikuwa nayo, lakini hakuna dobi aliyekubali kufua nguo za Mahar. Kinyozi vilevile. Nywele za Bhimrao na ndugu zake zilinyolewa na dada yao mkubwa, na nguo zilifuliwa nyumbani.

Shuleni alikalia kipande cha gunia pembeni, peke yake. Jioni alikibeba na kurudi nacho nyumbani, kwa kuwa hata mfagizi wa shule asingekigusa. Akishikwa na kiu hakuruhusiwa kufungua bomba. Ilibidi mwalimu atoe ruhusa, kisha mtu wa kasti inayogusika, mara nyingi tarishi wa shule, aje amfungulie. Siku ambayo tarishi hayupo, mtoto alishinda na kiu huku bomba analiona.

Mtoto huyo alisoma hadi vyuo vikuu vya New York na London, na hatimaye akawa na shahada za uzamivu, lakini aliporudi mara ya kwanza kutoka masomoni, ofisini alikoajiriwa wafanyakazi wenzake bado waliogopa kumgusa. Fedha na elimu havikumfutia alichozaliwa nacho.

"Kasti ilishafutwa na sheria"

Katiba ya India ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na aliyeongoza kamati ya kuiandika ni huyohuyo Ambedkar. Ibara ya 17 ilipiga marufuku kumtenga mtu kwa kumhesabu asiyegusika. Kilichofutwa ni utengaji huo. Kasti zenyewe hazikufutwa, wala utengaji haukuisha kwa kalamu. Katika utafiti mkubwa wa kaya za India wa mwaka 2011 na 2012, zaidi ya robo ya kaya zilikiri zenyewe kwamba zinawatenga wasiogusika kwa namna moja au nyingine. Hao ni waliokiri.

Tazama suala la vyoo. Sheria ya kukataza watu kuzoa kinyesi kwa mikono ilipitishwa 1993, nyingine yenye nguvu zaidi ikaja 2013. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo ni watu wa kasti zilezile, kizazi baada ya kizazi, na kwenye vyoo visivyo na maji wengi wao walikuwa wanawake. Mwanamke alikwangua choo cha nyumba ya watu kwa kipande cha bati na ufagio, akajaza kikapu, akajitwisha kichwani. Majira ya mvua kikapu kilivuja, maji yakamtiririkia kwenye nywele na shingoni. Mara nyingi alikuja akiwa bibi harusi tu, akamkuta mama mkwe anamkabidhi nyumba za kuzungukia, kama vile mahali pengine mtu anavyorithishwa shamba.

Wanaume wao huingia kwenye chemba za majitaka. Anashuka na kamba kiunoni, pengine hata bila kamba, kifua wazi, bila kinyago. Chini kuna gesi inayonuka kama yai viza, na ikiwa nyingi pumzi chache tu zinatosha kumwangusha. Mwenzake akiona kimya huingia kumwokoa, naye hatoki. Habari za vifo vya wawili au watatu kwa pamoja katika chemba moja si geni hata kidogo katika magazeti ya India.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamuru kila familia iliyopoteza mtu wake kwenye majitaka tangu 1993 ilipwe rupia milioni 1. Mwaka 2023 ikapandisha fidia hadi milioni 3. Kwangu mimi hapo ndipo pa kutulia na kufikiri: miaka 30 baada ya sheria, mahakama bado inapanga kiwango cha kuwalipa wajane.

"Ni mambo ya Wahindu peke yao"

Mizizi iko huko, lakini kasti ilimfuata mtu hata alipobadili dini. Miongoni mwa Waislamu wa India kuna mgawanyo wa ashraf (wa juu), ajlaf (wa chini yao) na arzal (wa chini kabisa), na ripoti ya serikali ya mwaka 2006 kuhusu hali ya Waislamu iliuandika waziwazi. Kusini, zipo parokia ambazo Wakristo wa asili ya Dalit, yaani waliohesabiwa wasiogusika, huzikwa makaburi yao peke yao. Sheria nayo ikawaumiza mara ya pili. Amri ya mwaka 1950 iliweka ulinzi wa kasti za chini kwa Wahindu tu. Masingasinga waliongezwa 1956, Mabudha 1990. Waislamu na Wakristo wa asili hiyohiyo bado wako nje.

"Ni kama makabila yetu"

Kufanana kupo, ila si kwa kiasi tunachodhani. Kabila halina ngazi iliyoandikwa kwamba wewe uko juu na fulani ni najisi. Kasti ni ngazi. Watu husikia makundi manne makuu, lakini mtu huishi ndani ya jati, kundi dogo zaidi la kuzaliwa, na jati ni maelfu. Jati huamua aolewe na nani na, zamani zaidi kuliko sasa, afanye kazi gani. Ndoa zinazovuka mipaka hiyo hukadiriwa kuwa takriban asilimia 5 tu. Jina la ukoo humtangulia mtu hata kwa mwenye nyumba ya kupangisha, na wapo wanaoliacha kabisa wakajiita Kumar tu, jina lisiloonyesha kasti.

Makabila India nayo yapo, huitwa Adivasi, na ni suala jingine lenye machungu yake. Miongoni mwa jamii zinazohesabiwa humo, katika baadhi ya majimbo, wamo Siddi, wajukuu wa mabaharia, askari na watumwa waliotoka pwani yetu na Uhabeshi. Siddi wa Gujarat wana mchezo wao wanaouita goma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

"Nafasi maalumu zimewainua wote, sasa wanaoonewa ni wa juu"

Nafasi zinatengwa kweli, katika ajira za serikali kuu na vyuo vyake: asilimia 15 kwa kasti za chini, 7.5 kwa makabila, 27 kwa kasti nyingine zilizobaki nyuma. Tangu 2019 kuna asilimia 10 kwa maskini wasio katika makundi hayo, yaani hasa wa kasti za juu. Kampuni binafsi hazifungwi na mpango huo. Umezaa madaktari na mawakili ambao babu zao hawakuruhusiwa darasani, na watu wa kasti za chini wamefika hata kwenye urais, K. R. Narayanan mwaka 1997 na Ram Nath Kovind mwaka 2017. Lakini sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 200 wa kasti za chini, na ajira za serikali ni chache.

"Wanachohitaji ni huruma"

Gandhi aliwaita Harijan, watu wa Mungu. Wengi wao wamelikataa jina hilo kwa kuona ni la kubembelezwa, wakajiita Dalit, yaani waliovunjwavunjwa. Siibezi huruma. Savitribai Phule, aliyefungua shule ya wasichana Pune mwaka 1848 pamoja na mumewe, alirushiwa matope na mavi njiani hadi akawa anabeba sari ya pili ya kubadilisha afikapo darasani. Alifariki 1897 kwa tauni aliyoipata akihudumia wagonjwa. Huruma ya namna hiyo ina gharama, nami naiheshimu kwa moyo wote.

Ila Dalit hawakuketi kuingoja. Katika mji wa Mahad kulikuwa na bwawa la umma liitwalo Chavdar. Ng'ombe walikunywa, watu wa dini nyingine waliteka, wao walikatazwa, ingawa baraza la mji lilikwisha kutamka kuwa bwawa ni la wote. Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar alishuka ngazi, akachota maji kwa kiganja, akanywa. Maelfu wakashuka nyuma yake, na siku hiyohiyo wakapigwa. Wenye kasti za juu wakamimina bwawani vyungu 108 vya maziwa, mtindi, mavi na mkojo wa ng'ombe ili kulitakasa, kisha wakafungua kesi. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Bombay ilitoka Machi 1937, ikawapa haki waliokunywa.