Simba kalala tu, hajadungwa kitu

Jumamosi nimeisikia tena. Nipo zuu ya Lincoln Park hapa Chicago, mbele ya kioo cha simba, na nyuma yangu bibi mmoja anamwambia mjukuu wake kwa Kiswahili kabisa, "Hawa wamedungwa usingizi, simba gani analala saa saba mchana?" Nikageuka, shikamoo bibi, samahani, mi ni daktari wa wanyamapori na hiyo si kweli. Nimechoka kuirudia mdomoni, sa naiandika.

Simba anajilaza mpaka masaa 20 kwa siku. Serengeti hivohivo, nenda saa saba utawakuta kivulini miguu juu. Akishiba hana cha kufuata juani, basi.

Na hiyo nusu kaputi mnaichukulia kama panado. Mnyama ananyimwa chakula kwanza asije akatapika akapaliwa, afu muda wote kuna mtu anahesabu pumzi, mwingine anapima joto, na mimi roho iko juu mpaka anyanyue kichwa, nani atafanya hivo kila siku ili tu wageni wapige picha? Tena ketamini tunayotumia sana kwa paka wakubwa inamwacha macho wazi, hapepesi, ndo maana tunampaka mafuta ya macho na kumfunga kitambaa. Kwa hiyo ukiona kafumba macho na sikio linacheza nzi akitua, huyo kalala kama mjomba baada ya pilau. Na mgonjwa naye halali hivo: distempa, ugonjwa wa virusi, ilipoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994 hawakulala wametulia, walipigwa degedege. (Virusi vinadhaniwa vilianzia kwa mbwa wa vijijini, na zuu hii hii ya bure imeshiriki miaka mingi kuwachanja mbwa hao.)

Kinachoniuma zaidi ni hiki, watu wanampita aliyelala wanaguna, wanakwenda kumshangilia anayetembea. Chui anaenda hatua kumi, anageuka palepale, anarudi hatua zilezile, nyasi zimekufa umebaki mstari, na simu zote juu, "huyu ndo mzima!" Jamani, huyo ndo wa kuulizia, kurudia mwendo uleule hivo kunaweza kuwa dalili ya msongo. Gus, yule dubu wa barafuni wa zuu ya Central Park kule New York, miaka ya 1990 alikuwa anaogelea namba nane masaa na masaa mpaka wenye zuu wakaita mtaalamu wa tabia za wanyama, wakaanza kumpa chakula cha kuhangaikia, samaki waliogandishwa ndani ya barafu, na vitu vya kuchezea, ndo kukapungua.

Ila na mimi nikubali, kuzunguka kule hakusemi kila kitu. Mwingine kasikia ndoo ya chakula, mwingine alianza utotoni kwenye banda bovu na tabia ikabaki hata baada ya kuhamishiwa pazuri, na kwa nje wanafanana kabisa. Niliwahi kumtazama duma wiki nzima, daftari mkononi, nikaandika "msongo", afu mtunzaji wake akaniambia dokta, huyu anafanya hivo nyama ikichelewa tu. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa sahihi. Ndo maana ukiwa pale usiishie dakika mbili, kaa hata ishirini, afu muulize mtunzaji, anaanza saa ngapi na ameanza lini.

Bibi tulikaa naye. Dume likaamka, likapiga mwayo, likageukia upande wa pili likalala. "Haya mwanangu nimekuelewa," akasema, "twende sasa ukanioneshe huyo anayezunguka."